Risasi Ndani ya Meneja

Sehemu ya saba

Shimo tupu!

Ndiyo, msomaji, hapo ndipo nilipokuacha wiki iliyopita, na najua umenisema siku saba nzima. Leonida kashika sepetu, kanga imejaa udongo, simu iko sikioni, na kaburi la mbwa wake halina mbwa. Blanketi halipo. Hata unyoya mmoja haupo.

"Bado uko hapo?" sauti ya wakili Nkateko Mabunda ilimuuliza kwenye simu.

"Nipo."

"Umempata?"

"Hayupo. Wamemfukua."

Wakili akaguna. Na wakili akiguna, ndugu yangu, jua mambo yameharibika.

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sitakuzungusha. Juzi Jumanne, saa kumi jioni, polisi waliruka ukuta wa nyumba moja hapa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Walikuwa wanamsaka mwizi wa magari anayekaa nyumba ya pili. Wakakosea ukuta. Wakamkuta Meneja, mbwa wa kahawia ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kulala mlangoni mwa chumba cha cherehani na kuwakagua wateja wa Leonida. Meneja akabweka. Inspekta Lategan akafyatua risasi mbili. Ya kwanza ikaingia kifuani mwa mbwa. Ya pili ikagonga sementi, ikaruka, ikampasua paja konstebo wake mwenyewe.

Sasa angalia ujanja wa mtu. Inspekta aliona aibu kuandika kwamba amempiga mwenzake, basi akaandika kwamba polisi hawakufyatua hata risasi moja. Akaandika kwamba mwenye nyumba, Mzwandile, mume wa Leonida, ndiye aliyetoa bastola akapiga ovyo, akamuua mbwa wake na kumjeruhi konstebo. Bastola yenyewe "ikaokotwa" jikoni, chini ya sinki. Kibastola kidogo cha kizamani ambacho Leonida hajawahi kukitia machoni.

"Kujaribu kumuua askari," wakili alisema. "Unajua ni miaka mingapi? Kumi na tano. Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu. Risasi iliyompiga konstebo imepita, na wanasema haikuonekana. Maganda wameyaokota wao. Imebaki hiyo iliyo ndani ya mbwa, basi. Ikitoka, ikaonekana ni ya polisi, uongo wote umekwisha. Isipotoka, sina kitu, Leonida. Nina maneno ya mke tu."

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Saa nne na nusu. Daktari wa wanyama atatusubiri mpaka saa saba. Mtafute huyo mbwa kama unavyotafuta mtoto aliyepotea sokoni."

Simu ikakatika. Leonida akatupa sepetu chini.

"Seif! Seif wewe!"

Seif akachungulia kutoka chumba cha cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Huyu ni mtu wa Tanga, fundi mwenzake Leonida. Kwa miaka minne amekuwa akimruka Meneja mlangoni kwa hatua ndefu, kwa sababu pua ya mbwa ikikulowesha ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na Seif hana muda huo na sare za shule zinamsubiri.

"Nani kamchukua Meneja?"

"Lo, dada Leo! Si wewe uliyekubali?"

"Nimekubali nini?"

"Gustave kinyozi kaja na watu wake asubuhi, wewe umepeleka chai mahabusu kwa shemeji. Kasema mmeshaongea. Mimi nikawapa sepetu."

"Umewapa sepetu!"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Simu unayo, mdomo unao, ulidhani! Wamempeleka wapi?"

Seif akaivuta futi shingoni. "Kituo cha polisi."

Leonida akashika kamba ya nguo.

Msomaji, usimlaani Gustave kwanza. Gustave ni mtu wa Bukavu. Kwao, askari akiua mtoto wa watu, maiti haizikwi kimyakimya. Vijana wanaibeba begani, wanaimba, wanaitua mlangoni mwa mwenye bunduki ili aione vizuri. Na mtaa ulikuwa umefura. Meneja ni mbwa wa tatu kuuawa na polisi mwezi huu. Wa Dona Lurdes, bibi wa Kireno wa mtaa wa nyuma, alipigwa risasi jikoni akiwa anakula. Kwa hiyo Gustave aliona mbwa huyu asizikwe kama takataka. Nia yake ilikuwa safi kabisa, na kwa nia hiyo safi alikuwa amebeba ushahidi wa pekee wa Mzwandile akiupeleka mikononi mwa watu wanaotaka upotee.

"Toa gari," Leonida alisema.

Seif ana bakkie, pikapu kuukuu ya kubebea majora ya vitambaa. Waliruka ndani bila kufunga duka. Taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huku: ya kwanza nyekundu. Ya pili nyekundu.

"Pita!"

"Dada Leo, tukikamatwa hapa ndiyo hatufiki kabisa."

"Seif, nakwambia pita!"

Akapita. Basi moja likawapigia honi mpaka masikio yakaziba. Leonida alikuwa anampigia Gustave kwa mara ya sita. Safari hii ikapokelewa. Ngoma, vigelegele, watu wanaimba.

"Gustave! Usimtoe Meneja! Unanisikia? Usimtoe!"

"Allô? Allô? Sisikie! Batu banaimba!"

Ikakatika.

Mbele ya kituo watu walijaa barabara nzima. Wanawake wa Kikongo na vitenge vyao, wazee wa Kireno, vijana wanaocheza toyi-toyi, ngoma ya maandamano, kwa Kizulu, waandishi wawili na kamera. Mabango ya maboksi: MBWA WETU SI MAJAMBAZI. Leonida alipenya kwa viwiko mpaka getini, Seif nyuma yake akiisogeza bakkie kwa honi, na hapo akamkuta Gustave, shati limelowa jasho, uso umejaa furaha.

"Mama Leonida! Uko unaona batu? Bote banakuya juu ya Meneja!"

"Yuko wapi?"

"Iko ndani! Mukubwa yao njo alitoka mwenyewe. Alitosha kofia ku kichwa, mama! Akapokea na mikono mbili, akasema pardon mbele ya batu bote!"

"Mmewapa?"

"Tumebapatia! Sasa hawawezi kusema hawakuona."

Leonida alimshika kola. Alitaka kumzaba kofi, na angemzaba, lakini mkono haukuwa na nguvu.

"Gustave. Risasi imo ndani ya Meneja. Ndiyo ya kumtoa Mzwandile. Hakuna nyingine."

Furaha ikamtoka kinyozi wa watu hapohapo. Akaketi ukingoni mwa barabara, mikono kichwani.

"Mungu wangu. Mama, nimefanya nini? Nilipenda kusaidia. Kwetu njo tunafanyaka bile."

"Najua," Leonida alisema, na machozi yakaanza. "Najua, kaka yangu. Umetumaliza."

Seif akampiga bega. "Dada Leo! Tazama uani!"

Kwenye uwanja wa nyuma wa kituo, kupitia vyuma vya geti, lori la takataka lilikuwa linarudi nyuma taratibu. Askari wawili walikuwa wanavuta kitu kilichofungwa blanketi la maua mekundu. Blanketi la kitandani kwake Leonida. Lori la aina hiyo linaenda sehemu moja tu, kwenye tanuri la kuchomea mizoga.

Hapo Leonida hakufikiri tena. Alipanda juu ya bakkie ya Seif, akavua kanga yake ya kichwani, akaipunga, akapiga kelele kwa Kiingereza ili wote wamsikie:

"Mimi ndiye mwenye mbwa! Sikuwapa! Mbwa ni wangu na namtaka sasa hivi!"

Kwanza watu walishangaa. Si ndiyo kwanza wamemkabidhi? Kisha Dona Lurdes, bibi wa miaka sabini na ushei, akainua fimbo yake akaanza kugonga geti. Gwa! Gwa! Gwa!

"Rudisha mbwa! Rudisha mbwa!"

Watu mia tatu wakaipokea. Geti likaanza kutikisika. Gustave akainuka pale chini akalisukuma kwa kifua, analia na kusukuma. Kamera zikageuka kuelekea kwenye lori. Mkuu wa kituo akatoka mbio, safari hii kofia iko kichwani.

"Kuna nini tena?"

"Namtaka mbwa wangu," Leonida alisema.

"Mama, tutamzika kwa heshima."

"Kwa lori la takataka?"

Mwandishi mmoja alikuwa anaandika kila neno. Mkuu alimwona. Akasaga meno.

"Lategan! Mpe mama mbwa wake, watu hawa waondoke getini kwangu."

Inspekta Lategan akatokea mlangoni. Mtu mrefu, sauti ya chini, mpole ajabu. Leonida alikuwa hajamwona tangu Jumanne. Mkononi ana ubao wa kuandikia, karatasi imebanwa juu yake.

"Pole sana, mama," alisema. "Utapewa mbwa, hakuna shida. Ila mali haitoki kituoni bila saini ya mwenyewe. Ni utaratibu."

Leonida aliitazama karatasi. Jina lake. Anwani ya nyumba. Halafu orodha: *mbwa mmoja, mfu*. *Blanketi moja*. Kidole gumba cha Inspekta kilikuwa kimekaa hapo chini, kinashikilia karatasi isipeperuke, na nyuma lori lilikuwa linanguruma, na saa ya kituo ilionyesha saa sita kasoro dakika tano.

"Hapa," Lategan alisema.

Akasaini.

Wewe ungesoma mpaka chini? Usinidanganye, msomaji. Mumeo yuko mahabusu, mbwa wako yuko mdomoni mwa tanuri, na wewe ungesema ngoja kwanza nitafute miwani?

Askari wakalitupa blanketi chini mbele ya geti. Leonida akainama kumwinua Meneja, akashindwa. Mbwa mzima ni mzigo, na tangu juzi Leonida mwenyewe alikuwa hajala. Gustave naye alikuwa bado ameegemea geti, analia. Ndipo Seif alipopenya katikati yao.

"Seif, wewe huwezi kumgusa."

"Maji yapo," Seif alisema. "Udongo upo. Nitaosha mara saba, nitaosha hata sabini. Sogea."

Akambeba Meneja kifuani, blanketi limelowa, akamlaza nyuma ya gari kwa adabu, na mtaa mzima ukampigia vigelegele fundi wa Tanga ambaye uso wake ulikuwa umekunjika kwa kinyaa na huzuni kwa pamoja.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno. Nkateko alikuwa keshafika, anatembea huku na huko na koti lake la mahakamani. Mlango ukafungwa. Leonida akabaki kwenye benchi, kati ya mwanamke mwenye paka na mzee mwenye kasuku. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kasuku alikuwa anatukana kwa Kireno na hakuna aliyecheka.

Mlango ukafunguka. Daktari alishika kifuko cha plastiki, na ndani yake kitu kinang'aa kidogo.

"Milimita tisa," alisema. "Nimepiga picha, nimeandika, nimesaini. Ilikuwa imekwama kwenye uti wa mgongo."

Nkateko alikitazama kifuko, kisha akafanya kitu ambacho mawakili hawafanyi. Alimkumbatia Leonida.

"Unajua kibastola walichookota jikoni kwako kinatumia risasi gani? Nyembamba, kama nusu tu ya unene wa hii. Hii haiwezi kuingia mle hata kwa nyundo! Ni ya polisi, mama! Mumeo leo analala nyumbani."

Leonida akalia kwa sauti. Seif akalia. Mzee wa kasuku akawapa leso bila kujua wanalia nini.

Ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningeishia hapa. Lakini saa nane haijafika.

Mahakama ilikuwa imejaa. Gustave alikuwa ameshawahi, amekaa nyuma na kundi lake, hawaimbi. Inspekta Lategan alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Leonida na Seif wakabanana kwenye kiti cha mbele, mgongoni kwa wakili, bahasha yenye kile kifuko iko chini ya mkono wa Nkateko.

Mzwandile akapandishwa kutoka mahabusu ya chini. Leonida akaziba mdomo. Jicho moja limevimba mpaka limefunga, midomo imepasuka. Huyu ndiye aliyemwoa Tanzania, kule Morogoro, enzi yeye akiwa mkimbizi wa Afrika Kusini, aliyemwambia, tukirudi kwetu, Leo, hakuna polisi atakayetugusa tena. Sasa hata hakumtazama.

"Mheshimiwa," Nkateko alianza, "kabla ya ombi la dhamana, nina jambo..."

"Samahani, mheshimiwa." Mzwandile aliinua mkono. "Simtaki wakili. Bastola ni yangu. Mimi ndiye niliyepiga."

Mahakama nzima ikaguna. Kalamu ya hakimu ikasimama.

"Unaelewa unachosema? Leo si siku ya kukiri."

"Naelewa. Andika. Ni mimi."

"Mzwandile!" Leonida alipiga kelele. "Una wazimu? Tunayo! Risasi tunayo!"

"Kimya mahakamani!"

Na hapo Mzwandile akageuka, jicho lake zima likamtazama mkewe, akasema kwa Kiswahili cha Morogoro, haraka haraka, kabla askari hajamziba mdomo:

"Nyamaza, mke wangu. Wamenionyesha karatasi. Saini yako naijua. Acha niende mimi."

Karatasi? Leonida hakuelewa. Alimwona mwendesha mashtaka akimpa Nkateko nakala, akamwona Nkateko akiisoma, na akaona shingo ya wakili inavyolegea.

"Ulisaini hii?" Nkateko alinong'ona, bila kugeuka vizuri.

"Ya kumchukua mbwa. Walisema ni utaratibu."

"Soma."

Mimi ndiye mwenye mali zote zifuatazo, zilizochukuliwa nyumbani kwangu. Mbwa mmoja, mfu. Blanketi moja. Na chini yake, pale kilipokuwa kile kidole gumba: *bastola moja, na risasi nne*.

Leonida akaisoma tena.

"Nisikilize, hatuna muda," Nkateko alisema, midomo haichezi. "Bila shaka Lategan kamwambia mumeo, mmoja wenu anakwenda ndani, chagua. Ndiyo maana anakiri. Nikimpa hakimu hii risasi, uongo wao unavunjika na Mzwandile anaweza kutoka. Lakini papo hapo watampa hakimu hii karatasi. Bastola isiyo na leseni, mikononi mwa mgeni, kwa saini yake mwenyewe. Utashuka chini badala yake. Na ukimaliza kifungo watakurudisha Tanzania. Nisipoitoa risasi, anakwenda yeye, miaka kumi na tano."

"Si unaweza kueleza? Kidole, lori, watu walikuwepo..."

"Nitaeleza. Nitapigana. Lakini itachukua miezi, na miezi hiyo utakuwa ndani."

"Wakili," hakimu aliita. "Ulisema una jambo. Unalo, au huna?"

Nkateko aligeuka akamtazama Leonida.

Kule kizimbani Mzwandile alikuwa anatikisa kichwa. Hapana, Leo. Hapana. Hapana. Machozi yanapita kwenye lile jicho lililofunga. Nyuma Gustave alikuwa ameinamisha uso magotini. Seif, mikono yake bado inanuka, alimshika Leonida kiwiko na kumnong'oneza, "Dada, kaa. Nakuomba, kaa."

"Wakili, nasubiri."

Leonida akainama mbele, akaichomoa bahasha chini ya mkono wa Nkateko, akasimama.

"Mama, kaa chini," hakimu alisema.

"Mheshimiwa," Leonida alisema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni, "mume wangu anakudanganya. Hakupiga mtu. Ninayo hapa risasi ya polisi."

Aliinua bahasha juu ili kila mtu aione. Nyuma yake alisikia viatu vya Inspekta Lategan vikija taratibu kwenye sakafu ya mbao, havina haraka yoyote, na mlio mdogo wa pingu zikitolewa kwenye mkanda.